Jicho, shamba na kuvu: historia ya ugonjwa unaopofusha wakulima

LIKASI – Kila mwaka mvua zikiisha, kuanzia mwezi wa nne, mahindi hukauka kwenye mashamba yanayozunguka muji wetu na familia huingia kuvuna. Jani la hindi likikauka hukata kama wembe. Likimpiga mtu kwenye jicho, anafumba, anafuta machozi kwa kiganja, kisha anaendelea na kazi kwa sababu gunia halijajaa. Mara nyingi jicho linapona lenyewe baada ya siku moja au mbili. Mara nyingine haliponi. Siku ya tatu linakuwa jekundu, siku ya tano mwanga wa jua unauma, na wiki inayofuata doa jeupe linaonekana juu ya mboni.

Hapo kila mtu nyumbani ana neno lake. Mmoja anasema ni vumbi, mwingine anasema ni jirani mwenye wivu. Mwingine anakwenda farmasi ya karibu kununua chupa ya matone, na bibi anakamua majani. Wakati huo doa linazidi kukua.

Moja ya sababu za doa hilo ni kuvu. Kuvu ni ndugu wa mbali wa bowa tunaokula wakati wa mvua, na ni ndugu wa karibu wa ule ukungu unaoota juu ya mkate uliosahauliwa au mahindi yaliyohifadhiwa yakiwa bado mabichi. Ziko aina nyingi sana, kwenye udongo, kwenye majani, kwenye kuni na kwenye makapi ya nafaka. Jicho zima huzizuia. Jicho lililochubuliwa huzipa mlango.

Leo, ndugu msomaji, tunaandika historia ya ugonjwa huu. Wanaoupata ni wakulima, wachoma makala, wakata miti na wote wanaofanya kazi kwenye majani na vumbi. Kati yao ziko familia nyingi zilizokimbia makwao, pande za Mitwaba, Pweto, Manono na kwingineko, ambazo leo zinalima mashamba ya watu wengine kwa kibarua cha siku. Mtu wa kibarua akikosa siku moja, watoto hawali. Kwa hiyo anangoja jicho lipone lenyewe. Historia tutakayoisimulia inaonyesha kwamba ugonjwa unajulikana zamani, kipimo chake cha kwanza ni rahisi, na dawa yake bora ilitoka kwenye udongo wa Afrika. Jicho hupotea katika siku zile za kungoja.

MKULIMA WA MWAKA 1879

Habari ya kwanza ya kitabibu kuhusu kuvu kwenye konea iliandikwa Ujerumani mwaka wa 1879. Konea ni ile sehemu angavu kama kioo iliyo mbele kabisa ya jicho, ambayo mwanga hupitia ili tuone. Aliyeandika ni Theodor Leber, daktari wa macho katika muji wa Göttingen. Mgonjwa wake alikuwa mkulima wa miaka 54. Alikuwa akipura nafaka kwa mashine, na kapi likaruka likamuingia jichoni.

Jicho la mkulima huyo lilifanya kidonda, na usaha ukajikusanya ndani, nyuma ya konea. Wakati ule madaktari walikuwa wanaanza kujifunza kwamba vidudu visivyoonekana kwa macho ndivyo vinavyoleta magonjwa mengi. Leber alichukua kipande kutoka kwenye kidonda, akakiangalia kwa mikroskopi, akaona nyuzi za kuvu ya jamii ya Aspergillus. Kisha akaipanda kuvu hiyo kwenye macho ya sungura, na ugonjwa ukatokea tena.

Tazama mambo yaliyomo katika kisa hicho: mkulima, mavuno, kapi lililoingia jichoni, na daktari aliyechukua kipande akakiangalia badala ya kukisia. Karne na nusu imepita, na mgonjwa wa kawaida wa ugonjwa huu bado ni yuleyule.

Baada ya Leber, daktari wa ngozi wa Paris, Raymond Sabouraud, alitengeneza chakula cha kuoteshea kuvu kwenye labo. Hadi leo chakula hicho kinaitwa kwa jina lake, na kinatumika katika labo za dunia nzima pale ambapo watu wanataka kujua ni kuvu gani hasa.

KONGO NA MIKROSKOPI

Hapa kwetu Kongo, somo la kuangalia kabla ya kukisia lilikwisha kutolewa kwa ugonjwa mwingine wa macho. Mwanzoni mwa miaka ya 1930, daktari Mbelgiji anayeitwa Jean Hissette alikuwa akifanya kazi pande za Sankuru, katika Kasai. Alikuta vijiji vya kando ya mito vikiwa na vipofu wengi mno. Kwa mikroskopi alitambua kwamba ni minyoo midogo, ile inayoenezwa na inzi weusi wa mtoni, ndiyo inayoingia mpaka ndani ya jicho. Ugonjwa huo leo tunauita upofu wa mto, au onkoserkozi. Wakubwa wa tiba wa wakati ule hawakumkubali mara moja. Mwaka wa 1934 kikundi cha madaktari wa Chuo Kikuu cha Harvard, kikiongozwa na Richard Strong, kilifika Kongo na kuthibitisha aliyoyasema.

Baada ya hapo, upofu wa vijiji vile ulikuwa na jina, na kitu chenye jina kinaweza kutafutiwa dawa. Wasomaji wetu wenye asili ya Kasai wanajua umuhimu wa dawa ya mektizani inayogawiwa vijijini kila mwaka. Ilianza kugawiwa bure duniani tangu 1987, lakini isingejulikana impewe nani kama hakuna mtu aliyekwenda kuangalia.

Kuvu nazo zilichunguzwa na Wabelgiji. Mwaka wa 1952 Raymond Vanbreuseghem alitoa jina la Histoplasma duboisii kwa kuvu inayopatikana Afrika, ambayo hula mifupa na kuleta uvimbe kwenye ngozi, na mara chache hufika hata kwenye kope na pembeni mwa jicho. Jina hilo lilimheshimu daktari mwenzake, Albert Dubois. Lakini elimu hiyo ya kuvu ilikaa zaidi kwenye labo za Antwerpen kuliko kwenye hospitali za miji ya migodi. Mwaka ule wa 1952 muji wetu ulikuwa bado unaitwa Jadotville, na ungerudishiwa jina la Likasi mwaka wa 1966.

DAWA ILIYOFANYA MAMBO KUWA MABAYA ZAIDI

Miaka ya 1950 ilileta dawa mpya yenye sifa kubwa, kortizoni. Jicho jekundu linalouma, ukiliwekea kortizoni, linatulia. Wekundu unapungua, maumivu yanapungua, na mgonjwa anashukuru. Madaktari wa macho waliipokea kwa furaha.

Baada ya muda wakaanza kuona jambo la kutisha. Mwaka wa 1955 madaktari wa Japani, Mitsui na Hanabusa, walichapisha habari za maambukizo ya konea yaliyotokea baada ya tiba ya kortizoni. Wengine katika nchi mbalimbali waliona vivyo hivyo. Kortizoni hutuliza jicho kwa kuwanyang'anya askari wa mwili silaha zao. Kama ndani ya kidonda kuna kuvu, inabaki bila mlinzi, inatembea ndani zaidi huku juu pakionekana pametulia. Mgonjwa anapogundua, konea imekwisha kutoboka.

Historia hii ni muhimu kwetu kwa sababu dawa za jamii hiyo, kama deksametazoni, leo ziko ndani ya matone mengi yanayouzwa kwenye farmasi za mitaani, mara nyingi yakiwa yamechanganywa na antibiotiki katika chupa moja. Mtu anaomba «dawa ya macho», anapewa chupa, hakuna anayemuuliza kama alichomwa na jani. Kama jicho lako lilichubuliwa, usiweke matone yenye deksametazoni, prednisoloni au betametazoni bila daktari kukuangalia. Jina limeandikwa kwenye chupa. Kama hujui kusoma, mpe mtoto wa shule akusomee.

UDONGO WA NATAL

Katika mwaka huohuo wa 1955, watu wa kiwanda kimoja cha Delft, Uholanzi, walikuwa wakichunguza udongo kutoka nchi mbalimbali. Ilikuwa kazi ya kawaida siku zile. Penisilini ilikuwa imefundisha dunia kwamba viumbe vidogo vya udongoni hutengeneza sumu za kupigana wao kwa wao, na kwamba sumu hizo zinaweza kuwa dawa kwa binadamu. Udongo mmoja ulitoka karibu na Pietermaritzburg, katika jimbo la Natal, Afrika Kusini. Ndani yake walipata bakteria waliyoiita Streptomyces natalensis, yaani ya Natal. Bakteria hiyo hutengeneza kitu kinachoua kuvu. Kwanza walikiita pimarisini, kwa kumbukumbu ya Pietermaritzburg. Leo jina lake ni natamisini.

Matumizi yake mengine yatakushangaza: Waholanzi hupaka natamisini juu ya jibini ili isiote ukungu. Kwa jicho ilingoja zaidi. Mwaka wa 1972 madaktari wa Miami, Marekani, waliandika juu ya wagonjwa 18 waliokuwa na kuvu ya Fusarium kwenye konea na waliotibiwa kwa natamisini. Mwaka wa 1978 serikali ya Marekani iliruhusu dawa hiyo iuzwe kama matone ya macho. Na mwaka wa 2017 Shirika la Afya Duniani, OMS, liliiweka kwenye orodha yake ya dawa za lazima, zile ambazo kila nchi inashauriwa kuwa nazo.

Hesabu wewe mwenyewe. Kutoka udongo wa Natal mpaka orodha ya OMS ni miaka 62. Udongo ulitoka Afrika, na wakulima wa Afrika ni kati ya wanaoihitaji zaidi, lakini chupa yake bado si rahisi kuikuta katika miji mingi ya bara hili.

KUKWANGUA NA KUANGALIA

Ugonjwa huu unatambuliwaje? Munganga wa macho anaanza kwa kuangalia kwa taa yake maalum. Kidonda cha kuvu mara nyingi kina ukingo usionyooka, kama manyoya ya ndege. Kinaonekana kikavu na kimeinuka kidogo. Pembeni yake panaweza kuwa na vidoa vidogo, kama watoto waliomzunguka mama. Usaha unaweza kukaa chini ndani ya jicho. Na kwa kawaida unakwenda polepole kuliko kidonda cha bakteria.

Lakini macho peke yake hayatoshi, hata macho ya bingwa. Katika uchunguzi uliochapishwa mwaka wa 2012, mabingwa wa konea walionyeshwa picha za vidonda na kuulizwa ni bakteria au ni kuvu. Walipata kwa usahihi 66 kwa mia. Ina maana kwamba mara moja kati ya tatu walikosa, wakati dawa ya bakteria haiui kuvu, na dawa ya kuvu haiui bakteria.

Ndiyo maana kazi ya Leber lazima irudiwe kwa kila mgonjwa. Daktari anaweka matone ya ganzi, kisha kwa ncha ya sindano au kisu kidogo anakwangua ukingo wa kidonda. Anapaka alichopata kwenye kioo cha labo. Juu yake panawekwa tone la maji ya potasi, ambayo huyeyusha takataka za seli na kuacha kuvu. Baada ya dakika chache kioo kinaingia chini ya mikroskopi. Kama ni kuvu, nyuzi zinaonekana, zenye matawi kama mizizi. Kipande kingine kinaweza kuoteshwa kwenye chakula cha Sabouraud, lakini hicho kinachukua siku kadhaa, hata wiki.

Mikroskopi inayotosha kwa kazi hiyo ni ile ambayo watu wa labo huitumia kila siku kutafuta malaria kwenye damu na kifua kikuu kwenye makohozi. Potasi ni ya bei ndogo. Kinachohitajika zaidi ni mtu aliyefundishwa kukwangua bila kuumiza jicho, na mtu wa labo aliyekwisha kuonyeshwa nyuzi za kuvu zinafananaje.

DAWA MPYA NA DAWA YA ZAMANI

Baadaye ilikuja dawa mpya na ya bei kali zaidi, vorikonazoli. Wengi walidhani itaishinda natamisini. Madaktari wa India na Marekani wakafanya jaribio kubwa kusini mwa India, ambako wakulima wa mpunga huugua sana ugonjwa huu. Wagonjwa 323 waligawanywa kwa bahati nasibu, nusu wakapewa matone ya natamisini na nusu matone ya vorikonazoli. Matokeo yalichapishwa mwaka wa 2013. Waliopata natamisini waliona vizuri zaidi, na konea zao zilitoboka mara chache zaidi. Kwa kuvu ya Fusarium tofauti ilikuwa kubwa. Jaribio la pili, India na Nepal, lilichapishwa mwaka wa 2016. Lilionyesha kwamba kuongeza vidonge vya vorikonazoli kwa wagonjwa waliozidiwa hakukusaidia kwa ujumla.

Kwa kuwa natamisini inakosekana katika nchi nyingi, watafiti walijaribu pia klorheksidini, dawa ya kuua vidudu inayojulikana na ya bei ndogo, ikiwa imetengenezwa kwa kipimo maalum cha jicho. Jaribio la Nepal lililochapishwa mwaka wa 2022 lilikuta kwamba natamisini bado inaishinda. Tafadhali, hilo lisimfanye mtu yeyote achukue klorheksidini ya kusafishia vidonda vya ngozi na kuiweka jichoni. Kipimo chake ni kingine, na inaweza kuunguza.

Hata natamisini ina udhaifu. Haipenyi ndani sana. Kidonda kikiwa bado juu juu, inafika na kufanya kazi. Kikiwa kimezama, inabaki mlangoni. Matibabu yenyewe yanachosha: tone moja kila saa, mchana na usiku, katika siku za kwanza, kisha kupunguza polepole kwa wiki kadhaa. Anayeacha mapema kwa sababu maumivu yamepungua, ugonjwa unarudi. Na kama konea imekwisha kutoboka, kazi inabaki kwa wapasuaji. Kupandikiza konea kunahitaji konea ya mtu aliyefariki, benki ya macho na daktari aliyefunzwa. Pasipo na hivyo, wakati mwingine jicho linatolewa ili mtu apumzike na maumivu.

MBARARA, DAR ES SALAAM NA DUNIA

Uchunguzi mkubwa unaofanana zaidi na maisha yetu ulifanyika Uganda, katika muji wa Mbarara, kati ya mwisho wa 2016 na mwanzo wa 2018. Madaktari wa huko walifuata wagonjwa 313 wenye vidonda vya konea vya maambukizo. Asilimia 62 walikuwa na kuvu. Bakteria peke yake ilikuwa asilimia 7 tu. Ina maana kwamba mtu anayepewa antibiotiki na kuambiwa arudi nyumbani, kwa mazingira kama hayo, mara nyingi anapewa dawa isiyogusa ugonjwa wake.

Nusu ya wagonjwa hao walifika hospitali ya macho baada ya siku 17 au zaidi. Asilimia 60 walikuwa wamekwisha kuweka dawa za kienyeji jichoni, hasa maji ya majani. Wengi walikuwa wamepitia vituo vingine kwanza, na umbali na ukosefu wa pesa vikawachelewesha. Baada ya miezi mitatu, asilimia 30 walikuwa hawaoni kwa jicho lililougua, na asilimia 9 walikuwa wamepoteza jicho lenyewe.

Tusiwacheke wanaotumia majani. Dawa za kienyeji zimesaidia familia nyingi ambazo hazina kitu kingine. Lakini jani lililokamuliwa lina kuvu zake na bakteria zake, na ukiliweka kwenye jicho lenye kidonda unaongeza mbegu kwenye shamba lililokwisha kulimwa. Mama anayemkamulia mtoto majani anataka kumsaidia. Tumwambie kwa heshima kwamba maji safi ya kuoshea jicho ni bora kuliko majani, kisha tumsindikize kituo cha afya.

Tanzania nayo ina somo lake. Mwaka wa 1999 daktari Mselle alichapisha uchunguzi ulioonyesha kwamba wagonjwa wengi wenye kuvu kwenye konea walikuwa pia na virusi vya SIDA, kuliko wagonjwa wa vidonda vingine vya konea. Wakati ule dawa za kupunguza virusi zilikuwa hazijawafikia watu wengi. Hata leo, mtu mwenye kidonda cha kuvu akishauriwa kupima damu, asione kwamba anatukanwa. Kujua hali yake kunaweza kuokoa zaidi ya jicho.

Kwa dunia nzima, hesabu iliyotolewa mwaka wa 2021 inasema watu zaidi ya milioni moja hupata ugonjwa huu kila mwaka, wengi wao Asia na Afrika, na kati yao macho 84,000 hadi 115,000 hutolewa. Linganisha na jambo lililotokea Marekani mwaka wa 2006. Watu 164, wengi wao wavaaji wa lenzi za macho, walithibitishwa kuwa na kuvu ya Fusarium, na maji ya kusafishia lenzi yaliyoshukiwa yakaondolewa sokoni. Walifanya vizuri, na gazeti la nchi yoyote lingeandika habari hiyo. Mkulima aliyechomwa na jani la hindi haandikwi. Ndiyo maana tunaandika hapa.

SAA 18 ZA BHAKTAPUR

Tumebakiza kisa kimoja, na ndicho chenye matumaini zaidi. Bhaktapur ni wilaya ya mashamba huko Nepal. Madaktari waliona kwamba kidonda kikubwa kinatibika kwa shida, wakajiuliza: vipi tukikamata mchubuko kabla haujawa kidonda? Waliwafundisha wahudumu wa afya wa vijijini kutambua jicho lililochubuliwa. Kila aliyechubuliwa alipewa pomadi ya kloramfenikoli ya asilimia 1, mara tatu kwa siku, kwa siku tatu.

Kwa miaka miwili waliwafuata watu wapatao 35,000. Wenye mchubuko 442 walipewa pomadi, na asilimia 96 walipona bila kidonda. Kati ya 284 waliofika ndani ya saa 18 baada ya kuumia, hakuna hata mmoja aliyepata kidonda. Wale 49 waliofika baada ya saa 24 mpaka 48, vidonda vilitokea kwa 14. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka wa 2001.

Pomadi ya kloramfenikoli haiui kuvu. Inalinda mchubuko mpya dhidi ya bakteria wakati ngozi ya konea inajifunga, na ikijifunga vizuri, kuvu nayo inakosa pa kuingilia. Kwa hiyo ni kinga ya siku za kwanza. Doa jeupe likionekana, muda wa pomadi umepita, na lazima mtu aende kukwanguliwa.

KWETU LIKASI

Kutokana na historia hii yote, tunawaachia wasikilizaji na wasomaji wetu mambo machache ya kushika.

Jani, kapi, mti au jiwe likikupiga jichoni, osha kwa maji safi mengi na usisugue. Nenda kituo cha afya siku hiyohiyo au kesho yake asubuhi. Mwambie muuguzi umechomwa na nini, maana jibu hilo linambadilishia fikira. Muombe pomadi ya antibiotiki isiyo na kortizoni.

Kama baada ya siku mbili jicho bado linauma, linaogopa mwanga, au kuna doa jeupe, usinunue chupa nyingine. Tafuta munganga wa macho. Ukifika kwake, una haki ya kumuuliza kwa heshima: «Munganga, tunaweza kukwangua na kuangalia kwa mikroskopi?» Kama hospitali hiyo haina njia, omba karatasi ya kupelekwa mbele, na usingoje mwisho wa mwezi. Njia ya kwenda Lubumbashi ni ya kilometa 120 hivi. Nauli ni nzito, tunajua. Ndiyo maana watu wa kanisa, wa karte na wa shirika la wakulima wanaochangia msiba wanaweza pia kuchangia jicho kabla halijafa.

Kwa viongozi wa kambi na familia zinazopokea waliokimbia: mtu wa kibarua hataacha kazi kwa ajili ya jicho jekundu kama hakuna wa kumshikia nafasi. Mkimruhusu akose nusu siku bila kunyimwa kazi kesho yake, mmemtibu zaidi kuliko mnavyofikiri.

Na kwa watu wa labo na wakubwa wa afya: mikroskopi iko mezani, potasi ni ya bei ndogo, na natamisini iko kwenye orodha ya OMS tangu 2017. Mavuno yanakuja tena mwaka ujao, na majani makavu yatakuwa yaleyale.